Mkorosho Ukifa

Nachingwea, 3 Agosti

Nimefika jana. Chumba nilichopanga kiko nyuma ya duka la pembejeo, kwa hiyo shuka, mto na hata chai vinanuka salfa. Huu ndio wakati wa kupuliza mikorosho na mji mzima unapiga chafya.

Profesa Nicholaus ameniagiza nimpelekee taarifa ya utafiti kila Ijumaa. Atapewa. Haya ninayoandika huku ni yangu, na nayaandika kwa sababu mimi ni mwoga. Naogopa mbwa, naogopa bodaboda, naogopa wazee wanaojibu swali kwa swali. Nilizaliwa mji huuhuu (mama yangu yuko hapa, ila nyumba yake imejaa wapangaji) na bado naogopa kutembea vijiji vyake peke yangu. Nikiiandika hofu, inapungua kidogo.

Kazi yenyewe haitishi. Chuo chetu cha Dar na chuo kimoja cha Ujerumani vinashirikiana kuchunguza nani mwenye mti na nani mwenye ardhi. Darasani, kwenye sheria, tulifundishwa kwamba kilichoota ardhini ni cha mwenye ardhi. Huku si hivyo. Mtu anaweza kuwa na mikorosho yake kwenye ardhi ya mwingine na wakaishi miaka yote bila kesi. Dakta Anke, mshirika wetu wa Ujerumani, anasema jambo hili litawashangaza wanasheria wa kwao. Mimi ndiye mguu wao huku.

7 Agosti

Nambambo. Mradi umemwajiri Bakary awe mwenyeji wangu: ananibeba kwa pikipiki yake, ananipeleka kwa watu, ananitafsiria. Ni rika langu, nadhifu, mcheshi, na anajua kubembeleza wazee. Kimwera nakielewa kwa sababu ya bibi yangu, ila nikikisema watu wanacheka. Bakary aliponipokea alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nilimpenda palepale.

Leo alinipeleka kwa Bi Sofia, mjane wa Mzee Halfani Mahamudu. Mzee Halfani alikuwa mjomba wake Bakary, na huku ardhi ya mjomba huenda kwa watoto wa dada yake. Kwa hiyo ardhi anayokanyaga Bi Sofia ni ya mama yake Bakary, Binti Mahamudu, na baadaye itakuwa ya Bakary. Lakini mikorosho iliyo juu yake ni ya Bi Sofia. Aliipanda mwenyewe alipoletwa akiwa mke mpya, na ndiyo inayomlisha, maana binti yake wa pekee ameolewa Tunduru.

Nikamuuliza swali analolipenda sana Dakta Anke: mti ukifa, pale ulipokuwa panakuwa pa nani?

"Ufe kwa nini?" akasema Bi Sofia. "Umeuona unakohoa?"

Tulicheka wote watatu. Nilipomsisitiza akasema hajui, mti ukizeeka unapanda mwingine pembeni, watu wanaona, wananyamaza, basi. Binti Mahamudu anakaa nyumba ya pili. Yeye alijibu bila kuinua macho kwenye ungo wake: "Ardhi ni yetu. Mkorosho ukifa, ardhi inarudi."

Hilo ndilo jibu fupi kuliko yote niliyopata. Nililiandika kwa furaha.

12 Agosti

Upepo na salfa. Macho yamevimba. Sikufanya kitu.

19 Agosti

Nambilanje, upande wa Ruangwa. Mzee Kasmiri kasema mwenye mti hupanda mwingine, na ukimkataza umemfukuza. Jirani yake kasema inategemea mlivyoishi. Wa tatu kasema haya mambo hayaulizwi.

Jioni Profesa akapiga simu. "Munira, 'inategemea' si kanuni. Nahitaji kanuni."

Nikampa ile ya Binti Mahamudu.

2 Septemba

Mkutano wa mrejesho, Nambambo. Profesa alikuja na shati jeupe, Dakta Anke alikuwa kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya dawati, uso wake ukigandaganda kila mtandao ulipokata. Ukumbi wa ofisi ya kijiji ulijaa mpaka madirishani.

Profesa alisoma mila tulizozikusanya, moja moja, na Bakary akatafsiri. Alipofika kwenye "mkorosho ukifa, ardhi inarudi kwa wenye ardhi," Bakary aliitafsiri, kisha akairudia, polepole, kwa sauti nzuri. Mzee mmoja akauliza, "Kumbe hiyo ndiyo sheria?"

"Ni mila yenu wenyewe," Profesa akajibu. "Sisi tumeiandika tu."

Wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia. Nilimtafuta Bi Sofia kwa macho, nikamwona amekaa karibu na mlango, mikono imekunjwa, hapigi.

20 Septemba

Mkorosho mmoja wa Bi Sofia umegeuka njano. Ni ule wa mwisho, karibu na barabara. Anasema labda ni mnyauko, ule ugonjwa unaoanza mizizini.

27 Septemba

Wa pili. Uko jirani na ule wa kwanza.

4 Oktoba

Wa tatu na wa nne, kwa mstari, kana kwamba kuna mtu anahesabu kutoka barabarani kuja nyumbani. Majani yanadondoka pamoja na korosho changa. Bwana shamba alipita na pikipiki, hakuzima hata injini. "Mnyauko," akasema, akaondoka. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Bakary alisimama na sisi. "Pole, mama," alimwambia Bi Sofia. "Ni kazi ya Mungu." Kisha akanigeukia akitabasamu. "Na hapo, dada, mlisema inarudi, sivyo?"

Nilisema ndiyo, sivyo, sijui. Sikumbuki nilichosema.

11 Oktoba

Nisipoandika sitalala.

Nilikwenda kumsaidia Bi Sofia kuokota korosho. Msimu umefunguka, shamba limejaa harufu ya mabibo, nyuki kila mahali. Nilikuwa napita chini ya mkorosho wa tano, ambao bado ni wa kijani, kisigino changu kikazama. Mvua haijanyesha tangu nifike. Ardhi yote ni ngumu kama sakafu, lakini pale palikuwa pamelowa na laini.

Nikachuchumaa, nikafukua kwa mkono. Kwenye mzizi mkubwa kulikuwa na tundu la kekee, ile ya kutobolea mbao, la duara, safi, limezibwa kwa udongo mfinyanzi. Nikauchokonoa ule udongo. Harufu iliyotoka naijua, kwa sababu nalala nyuma ya duka linaloiuza: dawa ya kuulia magugu.

Nilimwita Bi Sofia. Alikuja, akainama, akaangalia. Kisha akarudisha udongo na kuukandamiza kwa unyayo, taratibu, kama mtu anayefukia mbegu.

"Usiseme," akaniambia.

"Bibi, mtu anaua miti yako."

"Nimeona. Usiseme. Nikisema leo, kesho nitanyweshwa mimi hiyohiyo."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akaniambia nifute uso kwa sababu pikipiki inakuja.

Pikipiki ilikuwa ya Bakary. Alikuja kunichukua kama kila siku. Nimeandika juu kwamba naogopa bodaboda, lakini hofu ile ilikuwa ya kuanguka. Leo nilikaa nyuma ya mgongo wa mtu ninayemshuku, njia nzima ya kurudi mjini, nikishika chuma cha nyuma badala ya koti lake. Alikuwa anaimba kaswida kwa sauti ya chini. Kisha akaacha.

"Leo umekuwa kimya, dada. Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Siafu wameniuma."

Mbele kidogo, kwenye pori lisilo na nyumba, akasimamisha pikipiki. Akasema anaangalia cheni. Jua lilikuwa bado kali. Alichuchumaa, hakugusa cheni. Aliangalia miguu yangu.

"Viatu vyako vina matope," akasema. "Na mvua haijanyesha."

Nilisoma kila dua ninayoijua na nyingine nikazichanganya. Niliwaza kukimbia. Yeye akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akawasha pikipiki. "Panda, jua linatuunguza." Alinifikisha mpaka mlangoni na kuniambia nimsalimie Profesa.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Huyu tulimlipa sisi atusaidie kuuliza. Kila nyumba niliyoingia kuuliza nani mwenye mti na nani mwenye ardhi, Bakary alikaa pembeni yangu akisikiliza majibu.

12 Oktoba

Sikutoka.

13 Oktoba

Nilizungumza na Profesa na Dakta Anke kwa pamoja. Nilieleza yote. Profesa akasema sisi ni watafiti, si walinzi wa miti, na kwamba nikimtaja mtu bila ushahidi mradi utafungiwa kibali. Dakta Anke, kwa Kiswahili chake cha vitabuni, akauliza: "Ile kanuni, ni watu wangapi waliisema?"

"Mmoja," nikajibu.

Profesa ndiye aliyedakia. Makala imeshatumwa, akasema, na sasa siyo wakati wa kuvuruga.

Niliomba wanibadilishie mwenyeji. Profesa amesema atafikiria.

22 Oktoba

Mti wa tano umekuwa njano. Nilijua utakuwa, na bado nilipouona nilikaa chini.

30 Oktoba

Wa sita, na wa saba. Wanaopita barabarani wanasema, "Mnyauko mbaya mwaka huu." Mikorosho ya jirani, hatua chache tu kutoka hapo, imestawi na inazaa. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti.

Sasa nakuja Nambambo kwa gari la mizigo la asubuhi. Bakary akinikuta ananisalimia vizuri kabisa. Anauliza hali ya mama yangu mjini. Anajua nyumba yake ilipo. Nimemwomba mama ahamie kwa dada yake kwa muda, nikamdanganya kwamba naota ndoto mbaya. Amenicheka, amekataa.

Bi Sofia hali tena chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Jana kulikuwa na maulidi kwa jirani, akaletewa pilau, akaipokea kwa shukrani, akaimwaga nyuma ya choo.

8 Novemba

Leo Bakary alikuja shambani na mwanamume wa mjini aliyevaa miwani ya jua. Walitembea kando ya barabara, kwenye ile mikorosho iliyokufa, wakapigilia vigingi. Nimesikia mwanamume anatafuta mahali pa kujenga ghala, karibu na barabara, pasipo na miti ya mtu mwingine juu yake.

Bi Sofia aliangalia vigingi vyote vikipigiliwa. Baada ya hapo akafunga khanga kiunoni na kwenda kwa mwenyekiti wa baraza la kata. Njiani aliniambia, "Nilinyamaza nibaki na iliyobaki. Kumbe anataka yote."

Nilimfuata. Nilikuwa naogopa kumfuata na naogopa kubaki.

17 Novemba

Baraza siku hizi linapatanisha tu, halihukumu. Nilijiambia hivyo usiku kucha ili nipate nguvu. Haikusaidia.

Ukumbi ulikuwa uleule wa mrejesho. Mwenyekiti alikaa kwenye dawati tulilowekea kompyuta. Mtendaji wa kata ndiye aliyekuwa anaandika. Amehamishiwa huku juzi kutoka Kagera, Kimwera hajui hata salamu. Binti Mahamudu alikaa kwenye mkeka na wanawake wengine, kichwa chini.

Bi Sofia alisema maneno machache. Miti yake inakufa na vigingi vimepigwa. Hakumtaja mtu.

Bakary alisimama akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alimpa pole mke wa mjomba wake. Alisema mnyauko hauna mwenyewe, kila mkulima anaujua. "Lakini mila ipo," akasema. "Ilisomwa humuhumu na profesa. Mkorosho ukifa, ardhi inarudi. Sikuitunga mimi. Dada Munira yupo, yeye ndiye aliyeiandika. Asimame aseme kama naongopa."

Sikuwa nimetegemea kuitwa na yeye. Nilisimama. Nikashika ubao wa dirisha.

"Niliandika," nikasema.

Bakary akaketi, ametulia.

"Niliandika, lakini aliyeisema ni mtu mmoja. Wengine walisema vingine. Nambilanje walisema mwenye mti anapanda mwingine. Sisi tulichagua lililokuwa fupi." Sauti yangu ilikuwa nyembamba sana, mtu wa nyuma akasema hasikii. Nikaongeza. "Na hii miti haikufa. Imeuawa. Mizizi ina matundu ya kekee na dawa ya magugu. Twendeni sasa hivi tukafukue."

Ukumbi uliripuka. Mwenyekiti alipiga dawati. Bakary alisubiri wanyamaze, kisha akaniuliza kwa upole ule wa siku ya cheni: "Na nani kasema ni mimi?"

Hakuna aliyesema. Nilijua nimemmaliza Bi Sofia kwa mdomo wangu, maana tungetoka pale bila chochote na jioni tungekuwa wanawake wawili tuliomtuhumu mtu.

Hapo Binti Mahamudu akainuka kwenye mkeka. Alizungumza Kimwera, kwa kasi, kwa hasira, bila kumtazama mwanawe. Mtendaji akaweka kalamu chini, haelewi. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akasema kwa mazoea, "Bakary, tafsiri."

Bakary akasimama. Nilielewa kila neno la mama yake kabla hajafungua mdomo, na nusu ya ukumbi pia.

"Anasema," akaanza, "aliyeua hamjui. Anasema mti ukifa wenyewe, ardhi inarudi. Mti ukiuawa, ardhi hairudi."

Akanyamaza. Mama yake aliendelea kusema, yeye akaendelea kunyamaza.

"Tafsiri," mwenyekiti akarudia.

"Anasema mgeni akiibiwa nyumbani kwako, wewe mwenye nyumba ndiye unayelipa. Bi Sofia ameuliwa miti juu ya ardhi yetu. Kwa hiyo sisi wenye ardhi tutapanda mingine, kwa mikono yetu, na haitakuwa yetu." Akataka kuketi. "Ndiyo hivyo."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine naye akakohoa. Wanawake wa kwenye mkeka wakaanza kunong'ona, kwa sababu kulikuwa na sentensi aliyoiruka. Bakary alitazama mlango, akatazama sakafu.

"Anasema pia," akasema, "kwamba ardhi ni yake kabla ya kuwa yangu. Na kwamba yeye hajafa."

Mwenyekiti alinigeukia. "Mwalimu, na hiyo ya mti kuuawa, mliiandika?"

Nilipitia kichwani nyumba zote, Nambambo na Nambilanje. Sijaisikia popote. Inawezekana ni mila ya zamani. Inawezekana pia Binti Mahamudu ameitunga pale kwenye mkeka, kwa uchungu, akimwona mwanawe alivyokuwa.

"Hatukuuliza," nikasema.

"Kumbe mila yetu ni yale mliyouliza tu," mwenyekiti akasema, na watu wakacheka, na katika kicheko kile Bakary akakubali kupanda. Mtendaji akaandika mapatano. Bi Sofia alitia dole gumba. Bakary alitia saini nzuri sana.

Narudia kusema kwamba naogopa. Bakary peke yake hakucheka.

23 Novemba

Makala imekubaliwa. Profesa kasikia habari za baraza na anataka nimwandikie hiyo kanuni mpya, maneno yaleyale, haraka. Nimemwambia mtandao mbaya.

28 Novemba

Vigingi vimeng'olewa. Hakuna aliyemwona aliyeving'oa.

4 Desemba

Mvua imekuja jana, kubwa, na leo asubuhi Bakary amefika na miche kwenye kiroba na jembe. Bi Sofia alinitumia ujumbe tangu alfajiri nije, hakusema kwa nini. Nilipofika nilielewa: hakutaka kuwa naye peke yake shambani.

Tulisimama watatu. Binti Mahamudu alikuja kidogo, akaangalia shimo la kwanza likichimbwa, akarudi kwake bila kusema na mtu. Bakary alifanya kazi vizuri. Alichimba kando ya kila mkorosho uliokufa, akachanganya udongo na mbolea, akaweka mche, akashindilia kwa kiganja. Jasho lilimtoka. Hakunitazama.

Mche wa kwanza uliposimama ulikuwa na majani machache tu, mbuzi mmoja angeumaliza. Nilihesabu akilini miaka mpaka uzae, na umri wa Bi Sofia, na umri wa Bakary. Nikaacha kuhesabu.

Alipomaliza wa tatu alijinyoosha, akaegemea jembe. Sasa ndipo akazungumza, na alizungumza na mimi, kwa sauti ileile nzuri ya siku ya mrejesho.

"Na hii, dada? Ikifa yenyewe, sheria inasemaje?"

Nilijua kwamba lolote nitakalotamka litakuwa sheria kufikia saa ya adhuhuri, na kwamba nikisema sijui, hilo nalo litakuwa sheria, tena mbaya zaidi.

"Utapanda mwingine," Bi Sofia akasema.

Bakary hakumtazama. Alinitazama mimi, akisubiri mwanasheria athibitishe. Sijawahi kulisikia jibu hilo Nambambo, kwa mtu yeyote, na hakuna taarifa yangu ya Ijumaa iliyo nalo. Nikaitikia kwa kichwa, mara moja, waziwazi, kama mtu aliyelisoma mahali.

Alinitazama kwa muda. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Kisha akainama, akaendelea kuchimba shimo la nne.